Tochi ya Kwenye Funguo: Saa Moja ya Mwanga Inagharimu Shilingi Ngapi?

Pakiti imeandikwa lumeni 1,000. Tochi yenyewe inaenea kiganjani, ina gramu 30 hivi, na kwa maandishi madogo upande wa nyuma wanasema betri iliyofungiwa ndani ni ya mAh 500. Tochi za namna hii utazikuta Kariakoo zikining'inia pamoja na makava ya simu na waya za chaja, na muuzaji akikuwashia moja utaona inang'aa kweli. Lakini nambari hizo tatu haziwezi kukaa pamoja, na anayejua kuzidisha na kugawanya analigundua hilo akiwa bado dukani.

Anza na betri. Betri ya lithiamu ya kuchaji ina volti 3.7. Zidisha kwa 0.5, ambazo ndizo mAh 500, unapata wati-saa 1.85. LED nzuri, ukihesabu na saketi inayoiendesha, hutoa lumeni zipatazo 100 kwa kila wati. Chache huzidi hapo, na nyingi za bei ya chini hazifiki. Kwa hiyo lumeni 1,000 zinadai wati 10. Wati-saa 1.85 zikinywewa kwa kasi hiyo zinakwisha kwa dakika 11.

Na hapo joto halijaguswa. Kati ya wati 10, kama 7 hugeuka joto, na kila wati moja ni jouli moja kwa sekunde. Gramu 30 za alumini huhitaji jouli 27 tu kupanda nyuzijoto moja. Tochi iliyoanza na nyuzi 30, ambayo ni hali ya kawaida ya mfukoni Dar es Salaam, inafika nyuzi 60 kwa takriban dakika mbili, na chuma cha nyuzi 60 hakishikiki. Basi ama nambari ya lumeni 1,000 ni ya uongo, ama ni ya kweli kwa sekunde chache kisha saketi inapunguza mwanga ili tochi isijiunguze. Vyovyote iwavyo, haikwambii utakachopata ukiwa njiani usiku.

Ndiyo maana nashikilia kwamba tochi ya funguo inunuliwe kwa kuangalia bei ya saa moja ya mwanga unaouhitaji kweli. Lumeni za kwenye pakiti zinakuja nyuma sana katika orodha.

Wapo watengenezaji wanaopima kwa haki. Tangu mwaka 2009 kuna kanuni ya Marekani iitwayo ANSI FL1, na tochi zinazoifuata huwa na alama zake kwenye pakiti. Kanuni hiyo inataka lumeni zipimwe kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, kwa hiyo ule mwako wa ghafla wa mwanzoni hauhesabiwi. Umbali wa mwanga ni pale ambapo mwanga umefifia hadi luksi 0.25, yaani sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu kwenye anga lisilo na mawingu. Muda wa kuwaka nao huhesabiwa mpaka mwanga utakaposhuka kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo.

Hicho kipimo cha mwisho kinahitaji macho makali. Pakiti yenye lumeni 90 na saa 4 inaweza kuwa haijasema uongo wowote, hata kama tochi ilitoa lumeni 90 kwa dakika chache na muda mwingi uliobaki ikawaka kwa lumeni 10 au 15. Mnunuzi anazisoma nambari hizo mbili kama kitu kimoja, kumbe kila moja inasimulia wakati wake. Mtengenezaji mwaminifu huchora mstari unaoonyesha mwanga ukishuka dakika baada ya dakika. Ukiuona mstari huo, uamini kuliko herufi kubwa.

Sasa, mtu anahitaji mwanga kiasi gani? Chukua LED ndogo ya milimita 5, ile ya kichwa cha mviringo iliyomo kwenye tochi za kubonyeza za bei nafuu. Ikilishwa miliampia 20 hutoa lumeni 5 hivi, na kwa kuwa mwanga wake umekusanywa mbele, katikati pake panaweza kufikia kandela 16. Luksi hupatikana kwa kugawanya kandela kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe. Mita 2 mbele yako, 16 gawanya kwa 4, ni luksi 4: mara 16 ya mbalamwezi. Mita 4 ni luksi 1. Unafika mita 8 ndipo unalingana na mwezi mpevu. Kwa mtu aliyeshuka kwenye bodaboda saa nne usiku na kubakiwa na kichochoro cha kufika mlangoni, mwanga unaoonekana vizuri mita 2 hadi 4 mbele ya miguu ndio anaouhitaji.

Na uhitaji wenyewe ni mkubwa kuliko kutafuta tundu la kitasa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Afrika na Asia ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Kwetu Afrika Mashariki bafe, ambaye wengine humwita moma au kifutu, ni wa kuogopwa hasa kwa tabia yake ya kulala njiani bila kusogea hata mtu anapokaribia. Hakimbii, anangoja akanyagwe. Viatu vilivyofunika mguu na mwanga mbele ya hatua ni katika kinga zinazopendekezwa popote penye nyoka, na lumeni 5 zilizomo mfukoni zinamwonyesha bafe aliyelala mita 2 mbele. Lumeni 1,000 zilizokwisha chaji hazimwonyeshi.

Jicho pia lina hesabu zake. Ili mwanga uonekane umeongezeka maradufu, lumeni zenyewe lazima ziongezeke karibu mara nne. Kutoka lumeni 5 hadi 20 jicho linaona mara mbili; kutoka 5 hadi 80 linaona mara nne, na betri imelipa mara 16. Kila ngazi unayopanda inakula kuliko inavyokuonyesha.

Tukizidisha lumeni kwa saa tunapata kipimo kizuri kuliko vyote kwa kazi hii: lumeni-saa. Ni kama bando la simu. Ukifungua video linakwisha mchana huohuo, ukituma ujumbe tu linakufikisha mwisho wa wiki, ila ukubwa wa bando ni uleule. Tochi yenye lumeni-saa 65 itakupa lumeni 65 kwa saa moja au lumeni 5 kwa saa 13.

Nambari 65 nimeitoa kwenye tochi halisi. Maglite walitoa Solitaire, tochi yao ya funguo inayotumia betri moja ya AAA, mwaka 1988. Ilikuwa na balbu ya uzi na ilitoa lumeni 2. Ilipokuja kuwekewa LED, kwa betri ileile ya AAA, ilitangazwa kwa lumeni 37 kwa saa 1 na dakika 45. Zidisha: lumeni-saa 65 kwa kukisia juu, maana tunajua mwanga ulikuwa unashuka muda wote. Betri haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kifaa kinachogeuza umeme kuwa mwanga. LED ya buluu yenye nguvu ilitoka Nichia ya Japani mwaka 1993 kwa mikono ya Shuji Nakamura, LED nyeupe ya kampuni hiyohiyo ikafuata mwaka 1996, na mwaka 2014 Nakamura, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kila tochi inayoning'inia kwenye funguo leo imepita mikononi mwao.

Betri tatu ndizo zinazogombea funguo zako: za saa, za AAA, na ya kuchaji iliyofungiwa ndani.

Betri za saa ni zile bapa za mviringo, CR2032 na CR2016. Zote zina volti 3 na upana wa milimita 20. Tofauti ni unene, milimita 3.2 kwa moja na 1.6 kwa nyingine. LED nyeupe inataka volti 3 na zaidi kidogo, ndiyo maana tochi nyingi za kubonyeza hupanga CR2016 mbili, moja juu ya nyingine, kupata volti 6. Fungua skrubu zake uone: hakuna saketi. Ni betri mbili, LED, na miguu miwili ya LED inayogusana na betri unapobonyeza. Urahisi huo ndio unaoifanya iwe ya bei ya chini, na ndio unaoifanya mlafi. Betri mbili za mAh 90 kwa volti 6 ni wati-saa 0.54, lakini LED inatumia volti 3.2 tu kati ya hizo 6. Karibu nusu ya nishati inapotea kama joto ndani ya betri yenyewe. Zinazobaki hutoa kama lumeni-saa 25, na mwanga unafifia tangu siku ya kwanza.

AAA, yaani betri ndogo za rimoti, zina hadithi nyingine. Volti yake 1.5 haiwezi kuwasha LED, kwa hiyo lazima kuwe na saketi ya kuipandisha. Saketi hiyo inaongeza bei, lakini inakamua betri karibu yote na kuushikilia mwanga usishuke ovyo. AAA ya alkalaini ina kama wati-saa 1.3, baada ya saketi kuchukua chake zinapatikana lumeni-saa 80. Ya kuchaji, ile ya nikeli ya volti 1.2 na mAh 750, ina wati-saa 0.9 na inakupa 65.

Ya tatu ni betri ya lithiamu iliyofungiwa ndani na kuchajiwa kwa waya wa USB. Nitecore Tube ni mfano maarufu: gramu 9.6, na kwa lumeni 1 imetangazwa kuwaka saa 48. Hiyo ni lumeni-saa 48, nami nitahesabu 45.

Tuingie kwenye fedha. Bei ninazotumia ni za mfano. Weka za duka lako, njia haibadiliki. Tuseme tochi ya kubonyeza ni shilingi 3,000 na jozi ya betri zake 2,000. Tochi nzuri ya AAA ni 30,000 na betri moja ya alkalaini 1,000. Ya USB ni 20,000. Matumizi: lumeni 5, dakika 10 kila usiku. Kwa mwaka ni saa 61, sawa na lumeni-saa 304.

Ya kubonyeza itakula jozi 12 kwa mwaka, moja kila mwezi, shilingi 24,000. Kwa miaka mitano, pamoja na bei ya kuinunua, ni 123,000. Hiyo ndiyo tochi ya shilingi 3,000. Ya AAA kwa alkalaini inakula betri 4 kwa mwaka, shilingi 4,000, na baada ya miaka mitano umetoa 50,000. Ukigawanya bei ya betri kwa lumeni-saa, pengo linaonekana wazi zaidi: betri za saa zinakuuzia lumeni-saa moja kwa shilingi 80, alkalaini kwa shilingi 12 na senti 50.

Zinakutana wapi? Tofauti ya bei ya tochi ni 27,000. Tofauti ya kila lumeni-saa ni shilingi 67.50. Gawanya, unapata lumeni-saa 400, ambazo kwa lumeni 5 ni saa 80. Mwenye kuwasha dakika 10 kila usiku anafika hapo baada ya mwaka mmoja na miezi minne. Anayewasha dakika moja tu, kutafuta tundu la kitasa na kuzima, atahitaji miaka 13, na kabla ya hapo funguo zenyewe zitakuwa zimeshapotea. Huyo wa pili anunue ya kubonyeza bila kusita.

Betri ya kuchaji ya AAA ndiyo inayonifurahisha kwa hesabu zake za umeme. Kuijaza kunahitaji kama wati-saa 2 ukihesabu na upotevu wa chaja. Uniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000, kwa hiyo uniti moja inajaza betri hiyo mara 500. Kwa matumizi tuliyoyataja ni mara 5 kwa mwaka, basi uniti moja ingedumu miaka 100. Uniti ya nyumbani haifiki shilingi 400. Kila mwanga wa miezi miwili unagharimu pungufu ya shilingi moja. Gharama iko kwenye chaja. Kama huna, na betri na chaja vinakutoa 20,000, baada ya miaka mitano uko sawa na aliyenunua alkalaini. Kama chaja ipo tayari nyumbani kwa ajili ya rimoti na midoli ya watoto, unamshinda tangu mwaka wa kwanza.

Ya USB, kwa fedha tupu, inaweza kuwa ya chini kuliko zote: chaji 7 kwa mwaka. Betri za lithiamu huvumilia mizunguko 300 hadi 500 kabla hazijapungua nguvu sana, kwa hiyo kwa mizunguko peke yake ungesema itadumu miaka 40. Haitadumu. Betri ya lithiamu huzeeka kwa umri na kwa joto hata ikiwa haitumiki, na funguo zilizoachwa ndani ya gari juani zinaiva. Tundu la chaja nalo linaingia vumbi, kifuniko chake cha mpira kinachanika. Ikifa haina betri ya kubadilisha, unanunua nyingine. Ukinunua mbili kwa miaka mitano umetoa 40,000, na bado uko chini ya wenzako, labda isipokuwa yule mwenye chaja ya AAA tayari nyumbani.

Kuna swali la haki ambalo msomaji ameshaliuliza: si simu ina tochi? Inayo, na kwa nishati simu inazishinda zote hizi bila ushindani. Betri ya mAh 5,000 ni wati-saa 19 hivi, sawa na AAA za kuchaji 21. Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilikuwa na tochi yake kichwani na ikauzwa zaidi ya nakala milioni 250. Simu za kubofya bado tunaziita vitochi hadi leo. Lakini usiku ambao umeme umekatika ndio usiku ambao chaji ya simu ina kazi nyingine: kumpigia dereva, kutuma pesa, kuita msaada. Na simu iliyonyoshwa mbele kichochoroni ni mali ya laki kadhaa inayomwonyesha mwizi ilipo. Tochi ya gramu 20 ikianguka mtaroni imeanguka yenyewe tu.

Gharama moja haimo kwenye hesabu za shilingi, nami nataka isomwe kwa makini na kila mwenye mtoto mdogo. Betri za saa za lithiamu za milimita 20 ndizo hatari kuliko zote mtoto akizimeza. Zinakwama kwenye umio, unyevu unakamilisha mzunguko wa umeme, na zinaanza kuunguza nyama. Majeraha mabaya yanaweza kutokea ndani ya saa 2, na betri tunayodhani imekwisha bado ina nguvu ya kutosha kuunguza. Tochi ya kubonyeza ambayo pande zake mbili zinabanduka kwa kucha haifai kuwa kwenye funguo anazochezea mtoto. Nunua yenye skrubu, na hakikisha skrubu zipo. Akimeza, au ukishuku tu, usimtapishe na usingoje dalili. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo na uwaambie ni betri.

Alkalaini nayo ina kasoro yake, ingawa ni ya mfukoni zaidi. Ikiachwa ndani ikiwa imekwisha kabisa huvuja, na unga mweupe unaoukuta kwenye springi unakula chuma. Betri ya shilingi 1,000 inaua tochi ya 30,000. Za nikeli huvuja mara chache sana, na hiyo kwangu ni sababu yenye uzito kuliko akiba ya umeme.

Kwa hiyo nachagua AAA yenye betri ya kuchaji. Inashindwa kwa shilingi chache na ile ya USB, lakini siku chaji imekata safarini, duka lolote linalouza betri za rimoti linaniwashia tochi. Anayelala kila siku karibu na soketi au sola, na asiyetoka mjini, ana haki ya kuchagua USB, na hesabu ziko upande wake. Mlinzi wa usiku anayehitaji saa sita za mwanga kila siku asipoteze fedha kwenye saizi yoyote ya funguo. Kazi yake ni ya tochi kubwa.

Ukiwa dukani, tafuta yenye ngazi ya chini ya lumeni 1 hadi 5, na iwe ngazi hiyo ndiyo inayowaka kwanza, maana tochi inayoanzia juu inakupofusha kabla hujaona tundu la kitasa. Tafuta alama ya IPX7, inayomaanisha inastahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30. IPX4 ni ya rasharasha tu na haitapona beseni la nguo. Kagua tundu la pete ya funguo, liwe limechongwa kwenye mwili wa tochi badala ya kuwa kipande kilichogundishwa. Nyumbani, weka betri mpya, iwashe kwa ngazi ya lumeni 5 asubuhi, iweke kwenye kikombe chumba chenye giza na uichungulie kila saa. AAA ya kuchaji inapaswa kukupa saa 13 au karibu na hapo. Ikififia kabla ya saa 10, irudishe ukiwa bado na risiti.